Kijitabu cha Kumchokoza Mchungaji

Katika Nauvoo nzima, mji wa Wamormoni, hapakuwa na mtu aliyesoma kama Ndugu Orrin Tuttle, wala aliyekuwa mbovu kama yeye kwa kuchonga mawe. Kila siku ya kumi, ilipofika zamu yake ya kujenga hekalu, wenzake walimpa ndoo ya maji abebe, wakashusha pumzi. Lakini kalamu aliiweza. Kigiriki na Kilatini alifundishwa nyumbani kwao Vermont na baba yake, Mchungaji Asahel Tuttle. Siku Orrin alipobatizwa na Wamormoni, mzee huyo alisimama mimbarini akatangaza kwamba hana tena mtoto wa jina hilo. Tangu hapo kila barua ya Orrin ilirudi bila kufunguliwa. Mzee alikuwa mkaidi kupindukia, na mtoto wa nyoka ni nyoka.

Basi Orrin akaandika kijitabu cha kupinga ubatizo wa watoto wachanga, na juu kabisa akamtaja baba yake kwa jina kama mpotoshaji mkuu. Mkewe Keziah alisoma ukurasa wa kwanza akauacha uji wa mahindi uungue.

"Una akili wewe? Unamwanika baba mkwe wangu mbele za watu?"

"Barua hafungui."

"Kwa hiyo matusi ndiyo atafungua?"

"Mke wangu, mchungaji akishambuliwa kwa kijitabu akanyamaza, watu watasema ameshindwa. Baba hajawahi kukubali kushindwa. Lazima ajibu."

"Na asipojibu?"

Orrin akachovya tena kalamu kwenye wino. Mzee asipojibu, yeye atakuwa amemtukana baba yake bure, na njia nyingine hakuiona.

Ndugu Philo Crandall, aliyekuwa anakwenda mashariki kuhubiri, alipokabidhiwa rundo la vijitabu hivyo alipekua kimoja akakunja uso.

"Ndugu Tuttle, Kigiriki chote hiki? Nikiwasomea wakulima watanifungulia mbwa."

"Wewe kimoja tu kifikishe mlangoni kwa Mchungaji Tuttle. Vingine fungia jibini."

Mavuno yakapita, na baridi ikapita. Orrin alikonda. Theluji ilipoyeyuka, Ndugu Philo akarudi na viatu vilivyotoboka, akamkabidhi kijitabu kinene kuliko chake. Orrin alikisoma palepale, amesimama kwenye tope. Keziah akatoka akipangusa mikono.

"Kasemaje?"

"Anasema mimi ni mpumbavu. Anasema Kigiriki alinifundisha vizuri, ila mimi nilikuwa nikisinzia."

"Na unacheka?"

Alikuwa akicheka kweli, huku machozi yakimtiririka mpaka ndevuni. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata tangu aondoke kwao. Akamwonyesha mstari kwa kidole, na Keziah akausoma polepole: "Mwandishi huyu mpotovu, ambaye ni mwanangu..."

Keziah akamshika mkono.

"Basi ingia ndani umjibu," akasema. "Na safari hii mkasirishe vizuri, asichelewe."