Bamba Lililolazwa Kifudifudi

Obadiah Nyasani alikuwa mtu wa mistari iliyonyooka. Hata kuni za jikoni alizipanga upya mkewe akigeuka. Mwaka ule wa 1974 alikuwa mchoraji wa vipuri katika karakana moja mjini Kisii. Mashine ikivunjika, yeye ndiye aliyepima kipande kilichoharibika na kukichora, kisha mchoro ukapelekwa Kisumu kwenye mashine kubwa ya kuchonga na kutoboa chuma. Fundi wa huko hakukiona kipande chenyewe kamwe. Aliuamini mchoro, basi.

Ijumaa moja bamba la mashine ya kusaga majani lilipasuka katika kiwanda cha chai upande wa Nyamira. Wakulima walirudishwa nyumbani na vikapu vyao, mama yake Obadiah akiwa miongoni mwao, na majani mabichi ya chai hayajui kungoja. Obadiah akafanya haraka. Alililaza bamba juu ya karatasi ile nyembamba inayopitisha mwanga, akapitisha penseli kwenye kingo na matundu, akachora na mfereji uliochongwa upande mmoja. Karatasi ikawahi basi la Kisumu, naye akarudi kwake Nyanchwa roho kwatu. Kesho yake kanisa lingemwekea mikono awe shemasi. Alikuwa amelitamani jambo hilo miaka mingi, ingawa alijifanya halimnyimi usingizi.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama, Sabato iingie, na katika kanisa lao hakuna kufanya kazi mpaka jua la Jumamosi lizame. Mkewe Esnah alikuwa anamalizia kupiga pasi koti la kanisani, amelipindua ndani nje.

"Mbona mfuko umehamia upande huu?" Obadiah akauliza.

"Nimeligeuza, Baba Ratemo. Ukilivaa utarudi mahali pake."

Obadiah akaketi, akalitazama tena lile koti. Bamba alilichora likiwa kifudifudi! Upande wenye mfereji ulikuwa umelalia karatasi, naye akauchora kana kwamba unamtazama. Cha kulia kingekuwa kushoto.

"Posta imefungwa, siwezi kupiga simu," akasema. "Fundi Okemwa wa Kisumu ataanza kutoboa asubuhi, na chuma kikishatobolewa hakizibiki."

"Na wazee wa kanisa utawaambia nini?"

Obadiah akatoa nauli ya basi la alfajiri, akaihesabu.

Esnah hakupendezwa hata kidogo, lakini alimfungia viazi vya njiani.

Asubuhi, watu wakipanda mlima kwenda kanisani na Biblia zao, Obadiah alikuwa ndani ya basi la kwanza, ameinamisha kichwa asionekane. Aliona aibu kama mwizi. Alipofika Kisumu, fundi Okemwa alikuwa ameshabana chuma mezani na keekee ya kutobolea iko tayari kushuka.

"Ngoja!" Obadiah akapaza sauti, akamweleza.

Okemwa akacheka. Akaichukua karatasi, akaigeuza, akaishikilia dirishani. Mistari yote ikaonekana upande wa pili, kila tundu mahali pake. Tarakimu tu ndizo zilizosomeka kinyumenyume, nazo fundi alikuwa ameshazikariri.

"Nenda kasali, bwana," akasema.

Jumatatu kiwanda kilikuwa kinanguruma. Jioni hiyo akaja Onyancha, mzee wa kanisa, mtu aliyempenda Obadiah na aliyekuwa ameshamtafutia njia.

"Ndugu Obadiah, tumesikia hukushika kazi. Karatasi iligeuzwa tu, tena na fundi. Niambie hukufanya kazi siku ya Bwana, tukuwekee mikono Sabato ijayo."

Ilikuwa kweli tupu, na Esnah alimkazia macho aiseme. Obadiah akakohoa.

"Mzee, nilibeba penseli na rula. Penseli nilizichonga humo basini. Kama karatasi isingegeuzika, ningechora upya palepale."

Onyancha akaomba maji ya kunywa, akaaga.

Sabato iliyofuata aliyewekewa mikono alikuwa Ombati, jirani yao. Obadiah aliketi nyuma karibu na Esnah, akaimba na wengine, na ilimuuma mpaka wimbo wa mwisho.