Madume Mawili Jikoni kwa Bibi

Jiko la bibi lilinuka moshi, maganda ya mahindi na mkojo wa simbilisi. Asiyewajua awaze panya mnene asiye na mkia, anayelia kama filimbi. Kwetu, milimani nje ya Mbinga, walifugwa humo humo jikoni, wakizurura kati ya mafiga na kula majani tuliyowatupia. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuwagombania wakulima, na baba akanunua redio kubwa. Redio ilikaa mezani; boksi lake likapandishwa juu ya kabati, wageni waone.

Mimi nilikuwa na dume langu jeupe, niliyemwita Bwana Shamba kwa vile alivyopenda kukagua kila kitu. Mjomba aliporudi kutoka Kingerikiti akaniletea dume la pili. Nikawaacha pamoja, maana nani kwetu aliwahi kutenganishwa? Tulilala wanne kitanda kimoja. Siku ya tatu Bwana Shamba akaamka na nusu sikio, damu imeruka hadi kwenye unga. Bibi hakupiga kelele. Alisema damu ikimwagika tena, mmoja anaingia chunguni, na atachagua mnene. Mnene alikuwa wangu.

Nikashusha boksi la redio, nikalitoboa matundu, nikamtia mgeni. Baba alinichapa, na hadi leo nasema alinionea. Boksi halikuwa linaimba. Tatizo, mgeni peke yake akagoma kula, akalia mchana kutwa. Nikaenda kwa bibi kumwombea jike.

"Na huyo wako?"

"Naye apewe jike lake, bibi. Kila dume na nyumba yake."

Bibi alicheka hadi akashika ukuta. "Mke mwenzangu, babu yako angekuwa na akili hizo, nisingepika jiko moja na mama yake miaka tisa."

Jioni ile ile akaagiza fito, tukawagawia vyumba viwili. Bwana Shamba akazeeka na wajukuu, chungu hakikumpata.

Leo mimi ni mama, mtoto mgongoni, na ninakaa kwa mama mkwe. Huu mwaka wa pili naomba jiko langu. Mume wangu ananijibu kwamba watu wa nyumba moja hawatengani, na mawifi wanasema nina kiburi. Simbilisi walijengewa siku moja.