Mgeni wa Kuikagua Nyumba ya Babu

Barabara kuu ya Kondoa ni fupi. Ukitoka boma la Mjerumani, hujamaliza kutafuna muwa umeshafika sokoni. Katikati kuna mahakama ya zamani, maduka ya Wahindi yenye vibaraza vya nguzo, na nyumba ya mawe aliyoijenga babu yangu, fundi mwashi. Mama anaishi humo. Mwaka jana watu wa barabara walipita wakichora X nyekundu kwenye nyumba za kubomolewa, na ukuta wa mama ukapata ya kwake.

Boma halikuguswa kwa kuwa linalindwa. Nikasema basi, na sisi tutalindwa. Nyumba ikitambuliwa kuwa ya kihistoria, barabara itaikwepa. Isipotambuliwa, mama atahamishwa uzeeni. Niliandika barua, nikazunguka maofisini Dodoma hadi walinzi wakanizoea. Hasira zilikuwa karibu, nikawagombeza hata wasio na kosa. Mwishowe mtaalamu mmoja wa mambo ya kale akakubali kuja.

Nikampigia mama simu kutoka Miyuji, huko huko Dodoma, ninakoishi.

"Mama, baada ya wiki tatu kuna mgeni mkubwa anakuja kuiona nyumba. Akiipenda, haibomolewi."

Basi. Sikueleza zaidi. Nilikuwa na haraka, na haraka hiyo sijaisamehe mpaka leo. Kwetu mgeni hapokelewi kwenye nyumba iliyochakaa. Hata harusi ya jirani ikikaribia, watu wanapaka chokaa. Nimezaliwa humo, ningepaswa kulifikiria hilo.

Siku ya ukaguzi nilifika pamoja na mtaalamu. Gari liliposimama nilidhani tumekosea nyumba. Mawe ya babu yalikuwa yamepigwa plasta ya saruji na kupakwa rangi ya krimu, na ile X imefunikwa. Madirisha ya mbao yalikuwa yameng'olewa, yamewekwa ya aluminiamu. Mlango wa mninga wenye nakshi haukuwepo. Palikuwa na geti jeusi la chuma. Nikakimbilia uani. Vipande vya mwisho vya mlango vilikuwa vinawaka chini ya sufuria la pilau.

"Mchwa walishauanza," mama alisema. "Nikaona aibu mgeni auone."

Nilitaka kupiga kelele. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba hata shikamoo sijampa.

Mtaalamu aliizunguka nyumba, akagonga ukuta kwa kidole, kisha akanivuta pembeni.

"Ndugu yangu, hapa nitaandika nini?"

"Picha ninazo. Mawe yapo, yako chini ya plasta."

"Saruji ukiibandua inatoka na jiwe. Na milango je? Na madirisha? Pole sana."

Nilimsihi. Mtu mzima mimi, nilimshika mkono katikati ya barabara kuu, watu wa madukani wakitazama, machozi yakinitoka. Akafunga daftari lake.

Ilibidi tule. Alikuwa mstaarabu, alikula pilau, akamshukuru mama, akamwambia nyumba yake inapendeza. Mama alimsindikiza hadi garini, akasimama akipunga mkono mpaka gari likapotea.

Kisha akanigeukia, uso umemchangamka kuliko nilivyouona tangu baba afariki.

"Umemsikia? Ameipenda."

"Nimemsikia, mama."

"Basi kesho niitie fundi, amalizie na chumba cha nyuma."

Nikamwambia nitamwita.