Debe la Kufukuzia Ndovu

Mjukuu wangu alipanda mbegu ya boga nyuma ya jikoni, akaimwagilia kwa kikombe cha chai hadi nikamkemea kwamba ataiozesha. Haikuoza. Likaja boga moja tu, naye akatangaza kwamba hilo hakuna wa kuligusa: ni la mama yake. Mama yake ni kitinda mimba wangu, anafanya kazi hotelini Mombasa. Alikuwa ameahidi kuja Jumamosi tupike kimanga, boga na maharagwe vipondwe pamoja hadi mwiko usimame wenyewe.

Alhamisi tuliamka tukakuta ndovu wamepita. Ua umelala chini, mahindi yamekanyagwa, na boga halipo. Kilibaki kikonyo.

Mtoto wa miaka mitano hajui kusema ameumia. Alimrushia kuku jiwe, akapindua beseni la vyombo, kisha akaning'ata mkono. Akaning'ata mimi! Jirani aliyekuja kutupa pole akaanza kumbembeleza: "Nyamaza mwanangu, nyamaza. Mama atakuletea boga kubwa zaidi kutoka Mombasa."

"Boga kutoka Mombasa?" nikamwambia. "Dada yangu, usimdanganye mtoto. Boga lake limeliwa. Mwache akasirike."

Hilo nalijua na sihitaji kufundishwa na mtu, maana nimelea wangu na wa wenzangu. Ukimziba mtoto mdomo kwa peremende, hasira haiendi popote, utakutana nayo kesho. Lakini kung'atwa nako sikubali. Nikamshika mikono yote miwili nikamwambia, "Kukasirika ruhusa. Kung'ata watu, hapana. Ningoje hapa."

Nikaenda kuchukua debe. Kila nyumba upande huu wa Voi ina debe la kupiga ndovu wakija, ili kelele ziwafukuze na majirani watoke kusaidia. Watoto hukatazwa kabisa kuligusa, kwa sababu likipigwa ovyo watu watalizoea, na siku ya ndovu hakuna atakayetoka. Nilijua hayo yote. Nikampa hata hivyo, pamoja na mwiko.

"Haya. Waambie hao ndovu."

Weee! Alipiga huku akiwatukana kwa matusi ya umri wake: "Wezi! Wajinga! Matumbo makubwa!" Majirani wakaja mbio na masufuria, wasione ndovu, ila mtoto tu, makamasi yanamtiririka. Mzee mmoja akanifokea kwamba nachezea debe. Nikamwambia namheshimu sana, lakini atasubiri mtoto amalize. Leo nikikumbuka nacheka, siku ile sikucheka.

Alipochoka aliangusha mwiko, akaja mapajani pangu akalia kile kilio chenyewe.

"Lilikuwa la mama," akasema.

"Najua," nikamjibu. Sikumwahidi kitu. Tulikaa hivyo hadi jua likatufikia, akaomba uji.

Jumamosi maharagwe yalikuwa jikoni yanachemka simu ilipolia. Ni binti yangu. Zamu zimebadilishwa, wageni wamejaa, haji tena, labda mwezi ujao. Nilimjibu vibaya nikakata simu. Shuka za kitanda chake nilikuwa nimezifua na kuzipiga pasi. Nikachukua sufuria safi nikaanza kuisugua, na wala sikukumbuka kwamba mtoto alikuwa mlangoni na amesikia yote.

Alitoka. Nikasikia kitu kinakokotwa uani, kinagonga mawe, kinasimama, kinakokotwa tena. Akaingia na lile debe, akaliweka miguuni pangu, akanipa mwiko.

"Piga wewe kwanza, nyanya," akasema. "Ukimaliza, nitapiga mimi."