Ujumbe wa Msiba kwa Amina

Nakumbuka Ijumaa moja hapa mtaani Buyenzi, mwanangu, siku tuliyomzika Bibi Zaina. Nilikuwa kijana wa gereji, mwenye haya nyingi, shule yangu imeishia msingi. Kila jioni nilijifunza Kiingereza kwa mwalimu mmoja, na nikiandika, niliandika polepole kama mtu anayetoa mwiba.

Mume wa marehemu, Mzee Juma, aliniita uani akanipa simu. Mjukuu wao Amina alipelekwa ng'ambo akiwa mchanga. Kiswahili chake kilikuwa salamu tu, lugha yake ilikuwa Kiingereza.

"Mwandikie kwa luga yake," akasema. "Mwambie polepole."

Neno la kawaida la kufa nililijua, ila nililiona jepesi mno kwa mama yule. Nikakumbuka msemo niliousoma, kwamba mtu akifa Waingereza husema amepiga ndoo teke. Nikadhani ni nguo ya heshima, kama tunavyosema sisi ametutoka. Mwalimu wangu alikuwa pale pale matangani. Niliona haya kumwuliza. Nikauandika msemo ule, nikatuma.

Jibu lilikuja upesi. Nilimtafsiria mzee: "Bibi yangu amekuwa kichekesho kwenu?"

Kumbe yalikuwa maneno ya mzaha.

"We mutoto, umemuandikia nini?" mzee akauliza. Nikamweleza. Akasema: "Hata hapa kwetu, vijana wa gereji wanasema mutu amekata kamba. We unaweza kuingia kwa wafiwa, useme vile?"

"Apana, mzee."

"Basi maana uliijua, uzito haukuujua. Juu ya nini haukuuliza?"

Nikaandika tena, sasa kwa neno lile la kawaida, nikaomba radhi. Amina alisoma, hakujibu. Siku ya arobaini mzee aliiweka simu mkekani, karibu na goti lake, dua ikasomwa mpaka mwisho. Haikulia. Naye amekwisha kumfuata mkewe bila kuisikia tena sauti ya mjukuu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo, mwanangu, ukijifunza msemo wa watu, usitosheke na maana yake. Uliza husemwa mbele ya nani, na wanaousema huwa wanacheka au wanalia. Kuuliza si ujinga. Na penye msiba, kama huna hakika, shika neno la kawaida.

Mungu akupe ulimi mpole, na haya yako isikufunge mdomo. Na Amina, popote alipo, Mungu amfikishie ile pole niliyoshindwa kumpa.