Nyoka wa Njano Katoka Mlima Upi

Jamani, kicheko changu mnakijua, kishanifukuzisha wodini mara mbili. Juzi nimeenda hospitali hapa Iringa kumwona jirani yangu. Kitanda cha pili kulikuwa na baba kaumwa na nyoka, mkono umevimba mpaka begani. Mke wake siku mbili anambembeleza, "Baba watoto, niongeleshe basi." Kimya.

Akaingia bosi mmoja wa Mlandege, anafuga nyoka wa kuzalisha. Ndiye aliyemtuma huyo baba porini kumkamatia nyoka. Kashika machungwa, nikajua kaja kutoa pole. Thubutu! Kainama sikioni: "Kaka, yule wa njano umemtoa mlima upi?"

Mke akasema, "Bosi, mwache apumzike."

"Shemeji, nisipojua mlima, nyoka huyo hanifai. Nampandisha na wa mlima wake, njano kwa njano. Nikichanganya, watoto wanatoka rangi ya majani makavu, wateja hawawataki."

Nikamtania, "Sasa hao wa majani makavu unawapeleka wapi?"

Akapitisha kidole shingoni. Nikacheka, Mungu anisamehe.

Mgonjwa akafungua mdomo: "Kitonga."

Bosi akaandika kwenye kiganja, huyoo, kaondoka. Mgonjwa hakusema tena. Kesho yake mchana nimerudi kwa jirani yangu, nikakuta wanamfunika shuka.

Mke wala hakulia. Alinishika mkono: "Mama, si ulisikia? Siku mbili nangoja neno moja, kampa nyoka."

Mnaofuga nyoka, sina ugomvi na nyie. Ila mgonjwa huwa anaulizwa kwanza kaamkaje. Yale machungwa yalibaki pale mezani, hata mimi mlafi sikuyagusa.