Hiyo Kitabu Uliimaliza?

Mwangangi aliacha shule akiwa fomu two, na tangu hiyo siku hajawahi kutulia mahali. Ameosha magari Kilimani, amebeba mawe kwa mjengo, ameuza laini za simu. Kazi ikimboesha, huyo, ameenda. Kitu moja tu ndio hajawahi kuacha, na ni daftari yake.

Kila kitabu amesoma iko ndani. Hata makala ya gazeti, hata kile kipande ilikuwa imefungia mandazi. Anaandika tarehe, jina, halafu mistari tano: inasema nini, inaisha aje, yeye anaonaje. Lazima aandike, kwa sababu vitabu zenyewe hazikai kwake. Anazitoa kwa wale majamaa hutandaza vitabu chini huko tao, katikati ya jiji, akimaliza anarudisha, anaongeza kitu kidogo, anapewa ingine.

"Profesa," dadake Mwelu humwambia huko Woodley kwa chumba yao, "hiyo daftari utaioa lini?"

"Tunapanga."

Juzi akasikia maktaba moja ndogo Loresho inatafuta mtu wa kupanga vitabu. Walikuwa wanataka cheti ya fomu four, ya kumaliza sekondari. Mwangangi akapiga shati pasi, akabeba daftari, akaenda.

"Watakufukuza," Mwelu akasema.

"Wanifukuze nikiwa nimefika."

Mwenye kusimamia hapo ni mama Mhindi anaitwa Pramila, mwalimu aliyestaafu.

"Cheti?"

"Sina, madam. Niko na hii."

Pramila akafungua daftari. Alisoma pole pole, ukurasa kwa ukurasa. Mahali Mwangangi alikuwa ameandika kwamba mwandishi fulani anaeleza mvua mpaka msomaji analowa, akacheka kidogo. Mwangangi akaona hii kazi imeingia boksi, ni yake.

Halafu kidole ya Pramila ikasimama kwa mstari moja.

"Hii ya mjane na shamba ya kahawa. Hiyo kitabu uliimaliza?"

"Ndio, madam."

"Umeandika alishinda kesi, akarudishiwa shamba. Kwa kitabu anashindwa. Nimeifundisha miaka kumi na mbili."

Mwangangi akasikia masikio zikiwaka. Angesema amesahau tu, na mambo ingeisha hapo. Lakini ukweli aliijua. Vitabu za chini huko tao mara mingi huwa zimeng'olewa kurasa za nyuma, na ule mstari wa "inaisha aje" ukibaki wazi, ulikuwa unamkosesha raha. Kwa hivyo alikuwa anaujaza mwenyewe, vile aliona inafaa.

"Kurasa za mwisho hazikuwepo, madam. Nilijitungia."

"Ni hii peke yake?"

"Hapana."

"Ni ngapi?"

"Sijui. Nipatie kalamu nikuonyeshe."

Pramila akamwangalia, akampea kalamu, akaenda kuhudumia watu. Mwangangi akakaa kwa meza ya dirisha, akaanza na ukurasa wa kwanza. Alitamani sana kuruka zingine, hasa zile mwisho yake ilikuwa tamu. Hakuruka hata moja. Kila mahali alidanganya aliandika kando: "Sikufika mwisho." Mbili zikamsumbua, hakukumbuka kama alisoma ama alijitungia. Akaziandikia pia. Saa saba ikapita bila yeye kula.

"Ni kumi na moja kati ya sitini na mbili," akasema akirudisha daftari. "Mbili sina uhakika, lakini nimeziweka."

Pramila akazipitia zote.

"Cheti bado nitaitaka. Mtihani wake utafanya ukiwa hapa."

"Nitafanya."

"Mwezi moja ya kujaribiwa. Watu hutuletea vitabu kwa maboksi, na hakuna mtu huangalia kama zimekamilika. Wewe utazipitia zote, mpaka ukurasa wa mwisho. Anza Jumatatu."

"Maboksi ziko wapi, madam?"

"Nimesema Jumatatu."

"Nimesikia."

Pramila akaonyesha na kidevu, nyuma ya mlango. Mwangangi akakunja mikono ya shati, akavuta boksi ya kwanza hadi kwa mwangaza, akatoa kitabu ya juu, akaifungua kutoka nyuma.